Tone Halina Ukweli

Mashine ya haidroliki haivuji pale unapoliona tone. Tone limetembea. Limetoka kwenye kiungo cha paipu huko juu, likateremka taratibu kufuata hosi, likapinda kona mbili tatu, likafika kwenye boliti isiyo na kosa lolote, na hapo ndipo likaamua kudondoka, kama mtoto aliyevunja kikombe sebuleni ukamkuta ametulia jikoni. Fundi mgeni huja mbio na spana, akaikaza boliti ya watu isiyo na hatia.

Kazi yangu ni kutengeneza makatapila kwenye yadi ya kukodisha mitambo huku Barking, mashariki mwa London, na adui yangu si mafuta bali mvua. Kanuni ni nyepesi kuitamka: osha mashine, ikaushe, iwashe, kisha utazame panapoanza kulowa. Haya, nenda kakaushe katapila Barking mwezi wa Novemba. Unafuta, mawingu yanarudishia. Kila dimbwi la yadi lina rangi za upinde wa mvua, na ukiuliza hayo ni mafuta ya mashine ipi, hakuna anayeijua. Ndiyo maana tunatia rangi maalumu kwenye tangi la mafuta, mashine inafanya kazi kidogo, halafu tunamulika kwa taa ya urujuanimno. Palipovuja panang'aa rangi ambayo haipo kwenye kitu chochote cha halali. Raha ya kazi iko hapo. Ila taa hiyo inataka giza, kwa hiyo mchana mtu mzima anajifunika turubai pamoja na katapila, na wapita njia wanasikia sauti kutoka ndani ikisema, "Ahaa! Nimekuona!"

Na kila uvujaji una washauri wake. Dereva anasema pampu. Aliyeleta dizeli, ambaye hakuulizwa, anasema pampu. Bosi anasema chochote kile mradi isiwe pampu, maana bei yake anaijua. Mwenzangu wa Kisauni, Mombasa, huchutama, hutikisa kichwa, kisha hutamka: "Ndugu yangu, hapa pana mkono wa mtu." Mara nyingi ni oringi, kile kipete cha mpira ambacho bei yake haifiki kikombe cha chai.

Mkono wa mtu, kwa kweli, ndicho kitu cha kwanza tunachokipiga marufuku. Katapila likiwa kazini, mafuta yake husukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 300; tairi ya gari yako ina bar 2 na kidogo. Hosi ikitoboka tundu la sindano, mafuta hutoka kama uzi mwembamba usioonekana, na uzi huo unapenya glavu na ngozi. Kidonda chake utadhani umechomwa na mwiba, pengine hata hakiumi mwanzoni. Bila upasuaji wa haraka, unaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Kwa hiyo hatupapasi. Tunapitisha kipande cha boksi mwishoni mwa fimbo ndefu, tuone kitalowa wapi. Ukimkuta fundi anaipungia mashine ya bei ya nyumba kwa boksi la ndizi, mwache. Anafanya kazi.

Uvujaji unaonitesa zaidi ni ule wa ndani kwa ndani. Nje pakavu, mafuta hayajapungua, lakini ukiunyanyua mkono wa katapila ukazima injini, unashuka wenyewe polepole. Mafuta yanapita kwenye sili ya pistoni iliyochoka, au kwenye valvu, yanahama upande mmoja kwenda mwingine bila kudondosha ushahidi. Kipimo chake ni kuchora alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda, kuhakikisha hakuna anayepita chini, na kungoja. Kungoja huko kunaendana vizuri na chai. Bosi hupita wakati huo huo, sijui anaambiwa na nani, na mpaka leo hajakubali kwamba nikiwa nimekaa na kikombe ninapima.

Sifa za fundi husambaa mbali. Agosti 2020 daraja la Tower Bridge, hapa London, lilikwama likiwa wazi, na Agosti 2021 likakwama tena. Mara zote mbili kundi la ukoo la WhatsApp, kutoka Tanga hadi Muscat, lilitaka nitoe maelezo. Nikawaandikia kwamba daraja lilifunguliwa mwaka 1894 likinyanyuliwa kwa maji yaliyosukumwa na mvuke, kwamba kwenye miaka ya 1970 walihamia mafuta na umeme, na kwamba mimi sihusiki. Binamu yangu akajibu: "Sawa, lakini umelicheki?"

Ndipo shangazi yangu wa Plaistow, humu humu London, akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wewe si ndiye wa mabomba? Mashine yangu ya kufulia inavuja."

Nilitaka kumweleza tofauti, nikamkumbuka Joseph Bramah. Huyu ndiye aliyepata hataza ya mashine ya haidroliki ya kushinikiza, hapa hapa London, mwaka 1795. Maji yalimsumbua kwenye pistoni mpaka akaokolewa na fundi wake, Henry Maudslay, anayepewa sifa ya kubuni sili ya ngozi yenye mdomo: kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo mdomo unavyozidi kubana. Na kabla ya yote hayo, mwaka 1778, Bramah alikuwa na hataza ya choo cha kuvuta. Nikabeba mkoba wangu.

Mume wa shangazi alinipokea mlangoni. "Pampu hiyo," akasema.

Nilikausha kila kitu, nikanyunyiza poda ya mtoto sakafuni kuizunguka mashine yote, tukaiwasha, tukatulia. Baada ya muda mstari mweusi ukajichora kwenye poda. Haukutoka kwenye mashine. Ulipita nyuma yake, ukapanda ukutani, ukaishia kwenye msumari ambapo mwavuli wa mume wa shangazi ulikuwa unadondosha mvua ya asubuhi.

Shangazi akautazama mwavuli, akamtazama mumewe, akaitazama sakafu yake iliyogeuka nyeupe.

"Ahsante baba," akasema. "Ukishapiga deki, panda juu uniangalizie na choo."