Picha za Harusi na LUKU ya Shangazi

Shangazi yangu ana studio ya picha uswahilini, Dar es Salaam: chumba kimoja cha barazani chenye pazia jekundu, stuli ya paspoti na kompyuta mbili. Moja ni ya kijana wake wa kazi, anayepanga albamu za harusi. Nyingine ndiyo yenye printa. Kati ya hizo mbili pana hatua tatu, na hatua hizo zilikuwa zikivukwa na flashi. Flashi ikipotea inatafutwa kwenye mifuko ya suruali, kwenye droo ya chenji, siku moja hata ndani ya kopo la sukari. Ikipatikana ina faili nne: harusi_mwisho, harusi_mwisho_kabisa, harusi_mwisho_kabisa_2 na harusi_HII_NDIYO. Iliyochapwa kila mara ilikuwa mojawapo ya zile tatu za kwanza.

Kiherehere changu ndicho kilichoniponza. "Shangazi, hili mbona dogo," nikasema. "Tunaweka folda moja, kompyuta zote zinaiona. Nusu saa tu."

Aliyewahi kupeleka nguo kwa fundi cherehani anaujua urefu wa nusu saa ya fundi.

Nilichokuwa nakitegemea kinaitwa NFS. Ni kitu cha zamani, kilibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, na kazi yake ni udanganyifu wa heshima. Diski iko kwenye mashine nyingine, lakini programu zako hazitakiwi kujua. Unatoa amri ya kumaunti, folda ya mbali inajibandika juu ya folda ya kwako, na tangu hapo programu ya picha inafungua faili ikiamini kwamba liko humo humo ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na skrini. Nikaiwekea Linux na diski kubwa, nikaipandisha cheo ikawa seva. Shangazi hakutaka ikae dukani, kwa ajili ya vumbi na vibaka. Tukavuta waya hadi nyumba ya uani, yenye mita yake ya umeme wa LUKU, tukaipa makazi karibu na friji lake la kugandishia barafu za kuuza.

Kwenye seva kuna faili dogo liitwalo /etc/exports, na ndilo orodha ya waalikwa: folda hii wapewe fulani na fulani. Nikaandika hivi, kwa kujiamini:

/picha 192.168.1.20 (rw)

Nilitaka kusema kwamba kompyuta ya printa iruhusiwe kusoma na kuandika. Lakini tazama, kabla ya mabano nimeacha nafasi, kama tulivyofundishwa na walimu wa insha. Kwa NFS nafasi hiyo inabadilisha hukumu yote. Kompyuta niliyoitaja inapewa masharti ya kawaida, yaani kusoma tu. Mabano yaliyobaki peke yake yanahesabiwa ni ya mtu yeyote yule. Kwa hiyo mwalikwa wangu mwenye kadi akawekwa mlangoni atazame pilau kwa macho, na wapita njia wote wenye nenosiri la Wi-Fi ya Shangazi, wakiwemo vijana wa kibanda cha jirani, wakakabidhiwa mwiko. Nilihangaika saa nzima kujua kwa nini siwezi kuandika, nikakagua waya, nikaizima na kuiwasha ruta, nikailaumu swichi isiyo na hatia. Nilipoifuta ile nafasi, kosa hilo likaondoka.

Likaja lingine. Nilikuwa naandika kwa jina la root, ambaye kwenye mashine za namna hii ndiye mwenye mji: hakuna mlango anaofungiwa. Seva ikanikatalia. Kumbe NFS haimwamini root wa kwa watu. Akifika tu inamvua kilemba na kumpa jina la mtumiaji aitwaye nobody, namba 65534, yaani si mtu yeyote. Sikukasirika sana. Hata mimi ningekuwa seva ningefanya hivyo hivyo, maana mtu anayejitangaza mkubwa kwenye kila nyumba anayoingia ni wa kuangaliwa.

Siku ya pili ndiyo ya jasho jembamba. Kwenye kompyuta ya printa kulikuwa tayari na folda iitwayo picha, nami kwa uvivu wa kutunga jina jipya nikamaunti folda ya seva juu yake. Wakati huo huo akaingia mama wa bibi harusi kuchukua albamu, na shemeji zake wawili nyuma. Shangazi akafungua folda. Tupu. Akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayerudia kuangalia pochi iliyoibwa.

"Baba," akaniambia, kwa ile sauti ya chini ambayo kwetu ni mbaya kuliko kelele, "harusi ya watu iko wapi?"

Haikuwa imeenda popote. Ukimaunti folda juu ya folda yenye vitu, vya chini havifutwi, vinafunikwa tu, kama godoro lililotandikwa juu ya pesa. Nilijaribu kumweleza hivyo. Mama wa bibi harusi akauliza godoro limeingiaje. Nikaona kueleza hakufai, niiondoe ile folda, wazione picha kwa macho yao. Nikatoa amri ya umount. Mashine ikajibu kwamba haiwezekani, kuna mtu humo ndani anaitumia.

Nikamgeukia kijana wa kazi. Akanyoosha mikono juu: yeye alikuwa anakula muhogo. Nikafunga programu ya picha, nikafunga kila kilichofunguka, bado mashine ikasema kuna mtu. Watu wanne wamesimama mgongoni kwangu, wote wakipumua. Mwishowe nikatumia amri ya kumtafuta huyo mkaaji, nikamkuta. Ni dirisha langu mwenyewe la amri. Nilikuwa nimeingia kwenye folda ile kwa amri ya cd, nikaketi humo, halafu naomba ibomolewe. Nikatoka, nikarudia amri, harusi ikaibuka nzima, hadi keki. Mama wa bibi harusi akashukuru Mungu. Mimi hakunitaja.

Kosa la namba lilichukua wiki kujitokeza. Sisi tunajua watu kwa majina, lakini NFS ya kawaida inawajua kwa namba tu: seva inapokea namba, inaiamini, inamaliza. Kwenye seva nilimsajili Shangazi kwanza, akawa 1000, kijana akafuata na 1001. Dukani kijana ndiye aliyesajiliwa kwanza siku nyingi zilizopita. Basi kijana akikaa kwenye kompyuta ya duka na namba yake 1000, seva ikawa inamwona ni Shangazi. Naye Shangazi, kwenye studio aliyoijenga kwa jasho lake, akawa kijana wa kazi.

Alianza kwa kulalamika kwamba hawezi kufuta picha zake mwenyewe. Nikamwambia ni kamdudu kadogo tu. Alichokuwa hajui ni kwamba faili lake liitwalo madeni, alilolifunga lisisomwe na mtu mwingine, lilikuwa likimfungukia kijana bila hodi. Alijua pale kijana alipomkumbusha mteja mmoja, kwa adabu zote, kwamba ana deni la tangu Idi. Shangazi akaninyamazia kwa muda. Kisha akataka kujua kama kijana amesoma orodha yote. Alikuwa ameisoma. Jina langu lilikuwa la nne.

Namba nikazilinganisha siku hiyo hiyo, mambo yakatulia, nikaanza kutembea kifua mbele. Mpaka Jumamosi moja, kijana akihamisha picha mia tatu za harusi, mshale ukaganda kwenye asilimia 61. Tukasubiri. Nikachungulia kumbukumbu za mashine, nikakuta sentensi moja inajirudia: seva haijibu, bado najaribu.

Nikajaribu kuiua ile kazi. Haikufa. Nikatumia kill -9, ambayo wenye fani huiogopa kama radi, haikujali hata kidogo. Ilikuwa imelala ule usingizi wa kungoja diski, usiosikia mtu. Yote kwa sababu NFS isipoelekezwa vingine haikati tamaa. Uko utaratibu laini unaoiruhusu ishindwe na kurudisha kosa, lakini unaweza kukuachia faili nusu, na nani anataka bibi harusi nusu? Nikaagiza tuizime kompyuta. Nayo kuzimika ikagoma, inangoja.

Katikati ya hekaheka hiyo tukasikia ukelele kutoka uani: "Jamani, barafu zangu!"

Friji limezima. LUKU ya nyumba ya uani imeisha, na seva imeisha nayo. Dukani umeme upo, kwa hiyo hakuna aliyewaza. Shangazi akanunua umeme kwa simu, akasimama kwenye mita akiingiza zile tarakimu 20, akakosea, akaanza upya, akakosea tena kwa sababu nilikuwa namsomea huku naangalia dukani. Mara ya tatu mita ikakubali. Friji likanguruma. Baada ya dakika chache kijana akapiga kelele kutoka barazani: imekwenda 62! Hakuna kilichopotea, hakuna kilichoanza upya. Kompyuta ile iliendelea kama mtu aliyekatishwa kwa kupiga chafya.

Shangazi akaja, akasimama mbele ya skrini na taulo begani, akaangalia mstari ukisogea.

"Kwa hiyo muda wote huu ilikuwa inaningoja mimi ninunue umeme?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, nadhani kwa kuridhika. Kisha akaenda kwenye droo, akatoa bahasha ya malipo yangu, akahesabu, akapunguza noti mbili.

"Hii ya yuniti," akasema. "Na hii nyingine ni lile deni la nne."