Barua ya Wazi kwa Waziri: Shukrani za Shingo Yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Nairobi.

Nakala: Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.

Mheshimiwa,

MINT: SHUKRANI KWA NIABA YA SHINGO, KIUNO NA VIDOLE VITATU NA NUSU

Mimi ni kijana wa saiba, duka la huduma za intaneti, Embu mjini, hatua chache kutoka stendi ya matatu. Hatujakutana, lakini kazi yangu unaijua. Cucu, yaani bibi, aliyeandikishwa bima ya afya ya SHA, mwalimu aliyejaza fomu za tume ya walimu, TSC, mkulima wa Runyenjes aliyesajiliwa apate mbolea ya ruzuku, mtoto wa Kiritiri aliyechagua chuo kupitia mfumo wa udahili wa KUCCPS: wote hao hupita kwetu sisi watu wa saiba. Ripoti husema walihudumiwa mtandaoni. Nakuarifu kwamba huko mtandaoni kuna kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na aliyekalia ni mimi.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais alizindua Gava Mkononi pale KICC, huduma za serikali zaidi ya 5,000 zikaingia kwenye simu. Aliyechagua siku hiyo namvulia kofia. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, siku ambayo hakuna kijana wa saiba Kenya nzima anayepata nafasi ya kuinua kichwa atazame uzinduzi wa chochote. Makofi yakipigwa Nairobi, foleni huku ilikuwa imeshampita muuza miwa.

Na mkononi kweli imefika. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo neva moja hupenya ikisongamana na kano za vidole. Ukishinda umekunja kifundo juu ya ukingo wa meza, ukibofya mausi tangu asubuhi hadi jioni, miezi nenda miezi rudi, njia hiyo inaweza kuvimba na neva ikabanwa. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi, hasa usiku. Kidole cha mwisho hunusurika kwa sababu kina neva yake. Sisingizii programu yoyote, Mheshimiwa. Nimefurahi tu kwamba kidole kilichosalia kizima ndicho kinachopakwa wino siku ya kura.

Mengine nayasoma kwenye Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, sheria yenye huruma kuliko watu wengi ninaowajua. Inataka anayefanya kazi ya kuketi apewe kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, na pa kuegemeza miguu kama miguu yake haifiki chini vizuri. Nilimsomea mwajiri wangu sehemu hiyo. Alicheka mpaka akalazimika kuketi, na kiti chake yeye kina magurudumu.

Tuje kwa shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo kule New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, mzigo unaoilemea shingo hufika kilo 27. Gunia la mbolea ya ruzuku ni kilo 50. Kwa hiyo mkulima anapokuja tumsake kwenye mfumo, jina lake halionekani, namba ya siri imeenda kwa simu ya mwanawe aliye Nairobi na mwanawe hashiki simu, mimi huwa nimeshabeba zaidi ya nusu ya gunia lake. Yeye bado hajapata hata kikombe.

Dawa ya shingo haihitaji tenda. Rimu mbili za karatasi chini ya monita huiinua sentimita kumi hivi, ukingo wa juu wa skrini ukakaribia usawa wa macho, nayo skrini ikakaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Mwenye laptopu aiinue vivyo hivyo, kisha anunue kibodi ya kuchomeka, maana laptopu ilivyoundwa ni lazima imuumize mtu shingo au mikono, achague. Rimu nilizipata, nikanyanyua monita, nikaketi kama bwana shamba. Ikafika Jumapili jioni. Mtoto wa gredi ya nne akakumbuka kwamba kesho yake anatakiwa kupeleka picha za rangi za wanyama wa nyumbani, ilhali kwao kuna ng'ombe watatu. Akaja na wenzake, na karatasi za kuwachapia zikatoka kwenye rimu zangu. Kadiri mtaala ulivyopanda, monita yangu ilishuka.

Macho nayo yana mambo yake. Mtu akipiga gumzo na jirani hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, kiwango hushuka hata kufikia nusu au chini ya hapo. Macho hukauka, huwasha, kichwa kikaanza kugonga. Wataalamu wanashauri kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Saiba yetu haina mita sita. Ina mita tatu na ukuta wa picha za pasipoti. Hivyo hutoka mlangoni nikautazama Mlima Kenya, mita 5,199, bila malipo na bila nywila. Ila Julai mlima hujifunika mawingu wiki nzima, na huduma hiyo nayo ikawa chini ya matengenezo.

Tatizo la kutoka mlangoni ni kwamba kuna tovuti moja ya serikali, sitaitaja, ambayo ukiondoka kidogo tu inakutoa nje na kufuta ulichojaza. Wataalamu wananiambia inuka, tovuti inaniambia thubutu. Ikianza kukwama yenyewe huleta kile kiduara kinachozunguka, nasi sote, mimi na cucu na watu watano kwenye foleni, tunakikodolea kana kwamba kikisusiwa kitakasirika. Naomba, Mheshimiwa, kiduara hicho kiandikwe ndani yake: *Simama, nyoosha mgongo, pepesa macho, fomu yako itakungoja.* Kisha fomu ingoje kweli.

Kwa upande wa Meru naleta salamu za shemeji yangu aliye Maua. Yeye hufanya kazi za mtandaoni, zile mlizotuhimiza vijana tangu mpango wa Ajira Digital uanze mwaka 2016. Mteja wake yuko California, kwa hiyo mteja akifunga ofisi saa kumi na moja jioni, Maua ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Hukesha kwa miraa. Ubongo unakubali, lakini macho hayatafuni, na kiuno kilichokaa saa tisa bila kuinuka hakidanganyiki. Majirani zake wengine huandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za chuo. Uingereza ilipiga marufuku miraa yetu mwaka 2014, na mwaka 2022 Bunge lao likaharamisha biashara ya kuuza insha nchini England. Mtu wa Maua anaweza kudhani wanamwandama yeye binafsi.

Sasa ombi. Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi. Meru ina wadi 45 na Embu 20, kwa hiyo tutapata vituo 65. Naona kila mara zikitajwa kompyuta na Wi-Fi. Kiti sijasikia kikitajwa. Ongezeni mistari michache tu kwenye zabuni: kiti kinachopanda na kushuka chenye mgongo wa kuegemea, meza ambayo viwiko vinatulia juu yake bila mabega kupanda, dirisha liwe ubavuni mwa skrini badala ya mbele au nyuma yake, na mhudumu aruhusiwe kusimama kila nusu saa bila kuitwa mvivu. Kurugenzi iliyopewa nakala nayo ikaribie siku moja Embu na futi ya kupimia. Ije Juni, tarehe 30, saa kumi jioni. Kiti cha wageni tutakitoa, ni kile chenye waya.

Wako mtiifu,
Kijana wa Saiba, Embu.

N.B. Nimeambiwa malalamiko hupokelewa mtandaoni pekee, yakiwa yamechapwa, PDF isiyozidi megabaiti moja. Hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Naomba mwongozo.