Mpera Uliovalishwa Shela

Hapa mtaani Tena, Nairobi, hatuamini kitu kisichokuwa na chuma. Madirisha yana grili, mlango wa mbao una mlango wa chuma mbele yake, ukutani juu kuna vipande vya chupa, na hata mita ya maji imejengewa kijumba chake chenye kufuli. Kitu pekee kinacholala nje bila ulinzi ni tunda. Mpera wetu umesimama kando ya geti, kwenye kipande cha udongo kilichoponea chupuchupu siku ya kumwaga zege, na kila msimu unaanika mali yake hadharani bila hata mbwa wa kubweka.

Wa kwanza kuiona mali hiyo ni pasa, ambaye wengine humwita kuzumburu: ndege wa rangi ya vumbi, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kupita haja zake zote. Pasa haji peke yake; anakuja na ukoo mzima, wazee kwa watoto. Hadonoi pera akalimaliza. Anauma kidogo hapa, anahamia pale, kana kwamba ni mkaguzi wa kaunti anayeonja vyakula vya kila kibanda. Wakishashiba hawaondoki. Wananing'inia matawini vifua wazi, matumbo yameelekezwa juani ili chakula kisagike. Huo ndio ufedhuli unaouma: mtu ale kwako, halafu ajilaze hapohapo akisubiri tumbo lipungue. Baada yao huja shore, ambaye yeye angalau huimba kabla ya kuiba.

Jirani wa ghorofa ya pili, mama kutoka Makueni ambako maembe huzungumzwa kwa heshima ya ng'ombe wa mahari, alinitazama nikirusha kandambili mtini akanihurumia.

"Jirani, hao hawafukuzwi. Yavalishe mapera nguo."

Maana yake ni kufunga kila pera kwenye mfuko likiwa lingali mtini. Swali likawa mfuko gani. Juala la plastiki lilikuwa nje ya mjadala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, kukutwa na juala la kubebea bidhaa nchini Kenya kunaweza kukugharimu faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha hadi miaka minne, au vyote viwili. Sijawahi kuonja pera la thamani hiyo. Karatasi za kaki nazo zilidumu hadi mvua ya kwanza, zikageuka uji ukitiririka matawini.

Zikabaki neti za vitunguu, zile nyekundu ambazo vitunguu vya Tanzania huvaa vikipita Namanga kuja kulisha Nairobi. Mama mboga mmoja wa soko la Mutindwa alinipa furushi zima bila malipo, ila aliniuliza mara mbili kama nafungua kibanda mkabala naye. Mti ulipendeza. Pasa waliutazama kwa muda, wakajadiliana, kisha wakagundua kwamba pera lililobanwa na neti halitikisiki, na tundu la neti ni saizi ya mdomo wa pasa. Wakaendelea kula kwa utulivu zaidi kuliko zamani.

Na huyo ni mwizi anayeonekana. Kuna mwingine, nzi wa matunda. Hali pera; anatoboa ganda na kutaga mayai chini yake, halafu anaenda zake, na kazi ya kula anawaachia watoto. Ukipanda matatu ukaifuata Outer Ring hadi Thika Road, ukasogea Kasarani, utakuta makao ya ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mahali penyewe panaitwa Duduville. Watafiti wake ndio waliomkuta pwani ya Kenya, mwaka 2003, nzi mgeni kutoka Asia ambaye leo ameenea karibu Afrika nzima iliyo kusini mwa Sahara. Ni kwa sababu ya nzi wa matunda Kenya iliacha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na safari hizo hazikurudi hadi 2021. Mdudu aliyezuia shehena za nchi nzima hawezi kutishwa na neti ya vitunguu.

Mama wa Makueni alifafanua kanuni mbili. Ya kwanza, mfuko uwe mpana, kwa sababu nzi hutaga kupitia kitambaa kilichogusana na ganda. Ya pili, livalishwe pera likiwa bichi na gumu, kabla halijaanza kunukia. Ukichelewa, mayai yamo ndani tayari. Hapo utakuwa umefunga grili na mwizi yuko chumbani, na zaidi ya hapo umemwekea ulinzi dhidi ya ndege.

Basi nikaenda Gikomba kutafuta mapazia ya mitumba, yale mepesi ya neti yenye matundu ambayo hata mbu hapenyi. Fundi wa cherehani aliyapokea akiwa na tabasamu.

"Ni za harusi?"

"Hapana. Nataka vifuko vidogo vya kamba, vingi."

"Vya zawadi za wageni?"

"Vya mapera."

Alinyamaza, akapima, akashona, kisha akanitoza bei ya harusi.

Sasa fikiria mpera, jioni, umening'iniza vifuko vyeupe vinavyopepea, kila kimoja kimefungwa fundo. Ndege walikoma. Nzi walizunguka nje wakachoka. Lakini binadamu walianza kuvuka barabara. Habari zilienea kwamba kwetu kumetundikwa fingo, na kwamba atakayegusa atavimba tumbo. Mhubiri wa kipaza sauti, ambaye kituo chake ni mbali kidogo, alihamishia ibada mbele ya geti letu, akauamuru mti ukauke. Mti haukukauka. Waumini wake walipoona mapera yananenepa ndani ya vifuko, imani yao ilibadilika mwelekeo.

Kilichofuata ni kwamba watu walianza kuyahesabu. Pera tupu mtini lilikuwa sehemu ya majani. Hakuna aliyelitazama mara mbili. Likivaa mfuko, limetangazwa. Watoto waligawana kwa macho: "Ile ya juu kushoto ni yangu." Vijana wa bodaboda waliniuliza bei ya jumla. Jirani ambaye hajawahi kunisalimia alifika na salamu ndefu iliyomalizikia kwenye mapera. Mfuko ulikuwa umelificha tunda machoni pa pasa na kulitambulisha kwa mtaa mzima.

Mwisho wa mwezi akaja mwenye nyumba. Hakupokea kwanza kodi. Alisimama chini ya mti, mikono nyuma.

"Hii kitu inazaa, eh? Kilo ni pesa ngapi huko Mutindwa?"

"Ni ya kula tu, mzee."

"Na mashine ya kushona mifuko yote hii ni ya kula tu?"

Niliona kodi mpya ikiundwa kwenye paji la uso wake. Nikamkaribisha aonje, nikamchumia pera kubwa, la manjano, linalonukia, kutoka tawi la getini ambako vifuko vilikuwa vimeisha. Alilipasua kwa vidole gumba. Funza wa nzi huyu akikomaa ana kipaji cha kuruka. Mmoja aliruka hadi kwenye shati lake la Jumapili. Mzee alilirudisha pera mkononi mwangu kwa adabu, akachukua kodi ileile ya zamani, akaenda.

Tangu hapo navalisha mti wote isipokuwa tawi hilo. Mama wa Makueni ananung'unika kwamba linazalisha nzi. Namwambia ni kweli, jirani, lakini kodi imekuwa tasa.