Wali Ulioungua Bila Moto

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilijiandikisha katika somo la kupima hoja, si kwa mapenzi makubwa niliyokuwa nayo kwa elimu ya mantiki, bali kwa sababu somo hilo lilifundishwa alasiri, na mimi tangu utotoni sikujaliwa kupatana na asubuhi. Sharti la mwalimu wetu lilikuwa moja: kila juma tusome kurasa alizotuchagulia, tueleze mwandishi adai nini na kwa dalili gani, kisha tuhukumu kama dalili hizo zaweza kuyabeba madai yenyewe. Nililipokea sharti hilo kwa kicheko cha ndani, maana mimi ni mtoto wa Tanga, niliyelelewa barazani kwa babu, mahali ambapo watu walihojiana baina ya magharibi na isha bila ya kuishiwa, na ambapo mtu aliyekosa dalili hakukosa sauti. Nikajiona nimekwisha kuwa kadhi, nimebakiza kilemba tu.

Juma la sita tulipewa ugomvi. Nasema ugomvi kwa kuwa sijui jina jingine la vitabu viwili ambavyo cha kwanza chaitwa Tahafut al-Falasifa, yaani Kuporomoka kwa Wanafalsafa, na cha pili, kilichotungwa kukijibu cha kwanza, chaitwa Tahafut al-Tahafut, yaani Kuporomoka kwa Huko Kuporomoka. Mwenye kile cha kwanza ni Imamu Ghazali, aliyekuwa mwalimu mashuhuri Baghdad, ambaye alikimaliza mwaka 1095 na kuwashitaki ndani yake wanafalsafa, Ibn Sina akiwa mbele ya safu, kwa masuala 20. Mwenye cha pili ni Ibn Rushd wa Kurtuba, mji ule wa Uhispania ambao Wazungu huuita Córdoba, tabibu na tena kadhi wa kweli, si wa barazani kama mimi, naye alizaliwa mwaka 1126, miaka 15 baada ya Ghazali kufariki dunia. Nilimwonea wivu. Kubishana na mtu aliyezikwa kabla hujazaliwa ni neema kubwa: hakukatizi neno, hapandishi sauti, wala hakukumbushi katikati ya maneno kwamba kodi ya taa hujalipa. Mshindani wangu mimi alikuwa shangazi yangu, ambaye nilikaa kwake Magomeni.

Kurasa za Ibn Rushd nilizitoa kopi katika kibanda kilichoelekea lango la chuo, ambako mashine ilimeza karatasi tatu za mwanzo na kuzitapika zimekunjamana, hazisomeki, na kijana mwenye mashine akaniapia kwamba karatasi za mwanzo za kitabu chochote aghalabu huwa ni salamu tu. Nilimwamini, maana alisema kwa sauti ya babu. Nikaondoka na zilizobaki, zimebanwa kwa pini moja, na nyingi katika hizo zilikatwa mstari wa juu kabisa, jambo ambalo sikulijali, kwa kuwa mistari iliyobaki ilikuwa mingi kupita haja yangu.

Jioni ile shangazi alikwenda hitimani mtaa wa pili, akaniachia wali wa nazi jikoni pamoja na maagizo mafupi: maji yakikauka, punguza makaa ya chini, palia ya juu. Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kurasa mkononi. Nami nawaapia wasomaji kwamba katika maisha yangu sijapata kushikwa na kitabu kama nilivyoshikwa saa ile, maana mwandishi alikuwa akisema juu ya moto! Alikuwa akisema kwamba pamba ikikutana na moto twaiona inaungua, lakini macho yetu hayashuhudii zaidi ya kuungua kunakotokea wakati wa kukutana. Kwamba kuungua kumeletwa na huo moto hatujakuona, tumekuzoea tu, na Mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu, ambaye akitaka pamba hukutana na moto ikabaki nyeupe. Niliisoma hoja hiyo mara tatu, nikaitafuta penye ufa, nisipaone. Harufu iliponifikia nilidhani ni nguvu ya maandishi.

"Shikamoo, shangazi," nilisema alipoingia.

"Marahaba. Nini hiki kinachonukia?"

Nikamweleza kwa utaratibu wote niliofunzwa, nikianza na madai na kumalizia na dalili, kwamba Ibn Rushd, kadhi mkubwa wa Kurtuba, amethibitisha ya kuwa moto hauunguzi. Kwamba alichonacho yeye mbele yake ni wali na kuungua, vitu viwili vilivyokutana. Na kwamba kunihukumu mimi kwa mkutano huo ni kudai zaidi ya alichokishuhudia. Shangazi alinisikiliza hata nikamaliza, jambo ninalomheshimu kwalo mpaka leo, kisha akavua ushungi akasema, "Vyema, baba. Kama moto hauunguzi wali, basi na wali haushibishi mtu. Keti hapo hapo, uingoje shibe."

Watoto walitumwa chapati na maharage kwa mama ntilie wa kona, wala mimi sikuhesabiwa.

Usiku huo nililala na njaa, lakini mwenye njaa huandika vizuri, au ndivyo nilivyojifariji, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimekamilisha kurasa sita za kumsifu Ibn Rushd. Kweli, palikuwa na jambo moja lililonitatiza: kila baada ya kipande kirefu kurasa zangu ziligeuka, zikanena kinyume cha zilichokwisha kunena, na mahali pamoja zilisema kwamba mwenye kukana sababu za mambo ameikana akili yenyewe. Sikushindwa. Nikahukumu kwamba hapo kadhi anayataja maneno ya hasimu wake ili tuyacheke, nami nikayacheka kwa ukurasa mzima na nusu, nikimuuliza Ghazali kwa dharau ni lini aliuona moto ukifanya kazi.

Juma lililofuata nilirudishiwa karatasi yangu yenye alama 7 katika 20, na chini yake, kwa wino mwekundu: "Hoja umeipima vizuri, ila uliyemsifu siye aliyesema, na uliyemkaripia siye aliyekosana nawe."

Kisa chenyewe ni hiki. Ibn Rushd, kwa uadilifu wake wa kikadhi, hamjibu Ghazali kabla ya kumwachia Ghazali aseme. Huyanakili maneno yake, tena mengi, ndipo ajibu. Anayesema ni nani huandikwa mwanzoni mwa kila kipande, na mashine ya kibandani ilikuwa imeikata sehemu kubwa ya mianzo hiyo. Hoja ya pamba ilikuwa ya Ghazali. Kadhi wa Kurtuba alikuwa upande wa shangazi. Hata lile jibu la shibe, ambalo shangazi alilitoa pasipo kufungua kitabu, nilikuja kulikuta katika suala lile lile la pamba, limetiwa na Ghazali mwenyewe katika orodha ya mifano yake, kula na kushiba kando ya moto na kuungua. Tofauti ni kwamba yeye alilitumia kama dalili, na shangazi kama bakora.

Nikaingia maktaba kutafuta wakili, na wakili nikampata. Kabla ya kuwashitaki wanafalsafa, Ghazali alitunga kitabu cha kuyaeleza mafundisho yao, Maqasid al-Falasifa, na katika dibaji akatoa taarifa kwamba anayaeleza ili ayavunje baadaye. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, nakala zake nyingi zikaenea bila ya dibaji, na wanazuoni wa Ulaya, vizazi kwa vizazi, wakaamini kwamba Ghazali ni mfuasi mwaminifu wa Ibn Sina! Nikaenda ofisini kwa mwalimu kifua mbele. Ikiwa mabingwa wale walipotea kwa kukosa karatasi chache za mwanzo, nilimwambia, seuze mimi wa Magomeni?

Mwalimu aliipandisha miwani. "Wale hawakuwa na mahali pa kuipata dibaji," alisema kwa upole. "Wewe, kijana, ulipoona kitabu chako kinaanza katikati ya sentensi, ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ndiyo falsafa, mwalimu."

Alicheka mpaka akatoa kitambaa, akafuta macho, akanishika bega, akanisindikiza mlangoni. Alama zikabaki 7. Ile sufuria nayo haijatakata mpaka leo. Shangazi huitumia kuchemshia maji ya kuoga.