Jinsi ya Kushindwa Rufaa Bila Kutoka Jasho

Barua imefika. Bahasha ya kaki, muhuri wa mkurugenzi, na mbele ya "Yah" yapo maneno mawili: kufukuzwa kazi. Pole sana, mtumishi mwenzangu. Tulia nikuelekeze namna ya kuhakikisha uamuzi huo haubatilishwi kamwe.

Kwanza, usiangalie tarehe. Chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake, unazo siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Siku zote hizo za nini? Wiki ya kwanza kasirika. Ya pili nenda kijijini ukapumzishe akili. Ya tatu kamwone mheshimiwa mbunge, atakuahidi "kulifuatilia", na ya nne na ya tano msubiri afuatilie. Ya sita mtafute yule binamu anayemjua mtu Dodoma. Zimebaki siku tatu, nazo ni za kutafuta kalamu. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Wewe sema tu ulikuwa na mawazo.

Ukianza kuandika, andika kwa uchungu. Taja mwaka ulioajiriwa, mikesha yote ya Mwenge uliyosimamia, ada za watoto, presha ya mama. Malizia kwamba mkuu wa idara anakuchukia tangu ule ugomvi wa posho ya safari. Sababu za rufaa zenyewe, kwamba hukupewa hati ya mashtaka, au hukusikilizwa, au adhabu imezidi kosa, ziache kabisa, zitaharibu simulizi. Wala usiambatishe utetezi wako na barua ya uamuzi. Tume watajua wenyewe, si ni Serikali hiyo hiyo?

Nakala peleka Ikulu, kwa Waziri Mkuu, TAKUKURU, kwa mkuu wa mkoa na kwenye redio. Mnyime mmoja tu: mamlaka ya nidhamu iliyokuadhibu. Inatakiwa ipate nakala ili ilete maelezo na vielelezo vyake Tume, lakini nani kasema adui agawiwe silaha?

Kama una haraka zaidi, iruke Tume, nenda moja kwa moja kufungua mgogoro wa kikazi kule wanakokwenda watu wa viwandani. Mwaka 2016 sheria iliongezewa kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za sheria yake ndipo aguse njia za sheria za kazi. Utahangaika na tarehe za kusikilizwa, utaambiwa umekosea mlango, na ukirudi kwenye mlango wako utazikuta zile siku 45 zimeshaota mvi. Wapo wanaomlipa wakili kwa safari hiyo.

Nisiwapendelee wafukuzwa peke yao. Mwajiri naye ana haki ya kushindwa, na huko ndiko kwenye mafundi. Nimekaa masijala miaka kadhaa, katika ofisi nisiyoitaja kwa kuwa bado naipenda pensheni yangu. Mtumishi hakuonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa, kosa ambalo peke yake linatosha kumfukuzisha. Mkuu akafura. Jumatatu akasaini barua ya kufukuza. Jumatano ndipo akakumbuka kuunda kamati ya uchunguzi, mwenyekiti akiwa yule yule aliyepeleka malalamiko. Hati ya mashtaka ikachapwa wiki iliyofuata kwa tarehe ya nyuma. Mtuhumiwa kuitwa ajieleze? Aitwe wa nini, na kila mtu anajua hakuwepo! Rufaa ilipokubaliwa na mtoro akarudi kwenye kiti chake, mkuu alizunguka korido akiuliza Tume inalea watoro tangu lini. Mzee wangu, utoro ulikuwepo. Faili ndilo halikuwepo.

Na wewe uliyekaimu cheo mwaka mzima na nusu, kisha akateuliwa mwingine? Usiandike lolote. Nung'unikia kantini, ukiwa na chai na chapati mbili. Manung'uniko ya kantini hayagongwi muhuri, kwa hiyo hakuna atakayelazimika kuyajibu.

Ukishindwa Tume, bado yupo Rais, na kwenye ngazi hizi uamuzi wake ndio wa mwisho. Hapo kazi ni nyepesi: chukua barua ile ile, na Mwenge wake na presha ya mama, ubadilishe anwani tu. Hoja za Tume usizijibu hata moja.

Ila kama unasoma haya na barua unayo mkononi, niazime sikio nje ya mzaha. Andika pembeni, kwa kalamu, tarehe uliyoipokea. Kuhesabu kunaanzia hapo.