Jinsi ya Kufunga Muziki Mpaka Ukumbi Mzima Ukutambue

Fundi mitambo mwenye kazi safi hana bahati. Wageni wanakula, wanacheza, wanasikia kila neno la MC, kisha wanakwenda zao bila kujua kwamba kuna mtu alikaa nyuma ya mikisa tangu saa 8 mchana. Kamati inamshukuru mpishi, mpambaji, hata kijana aliyepanga magari. Fundi hatajwi. Ikiwa umechoka kuishi hivyo, mwongozo huu ni wako. Tuchukue ukumbi mdogo wa harusi, tuseme wa Sinza au Tabata: watu 150, vigae sakafuni, na feni nne ambazo moja inazunguka.

Cha kwanza, chelewa. Ukiwahi utapata muda wa kuzunguka ukumbini na kuona soketi zilipo na watu watapitia wapi, na maarifa ya namna hiyo humwondolea fundi msisimko. Fika bibi harusi akiwa ameshatoka saluni, ili nyaya zote uzivushe mlangoni, pale pale gauni litakapopita na mkia wake. Wapo waoga wanaozungusha waya ukutani, wakaupandisha juu ya fremu ya mlango, au wakaubana sakafuni kwa solotepu pana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Harusi zao hazina video ya kuchekesha.

Sasa stendi. Spika ya inchi 15 ina kilo 20 na ushee. Ipandishe mpaka bomba liishe, halafu ile miguu mitatu uibane iwe kama ya korongo, maana ikitanuliwa itakula nafasi ya meza kuu. Kipini cha kuzuia bomba lisishuke kilishapotea mwaka juzi; chomeka kijiti cha mshikaki. Mfuko wa mchanga wa kukandamiza miguu uwaachie wajenzi. Huna stendi kabisa? Panga kreti za soda, tatu kwenda juu, spika iketi kileleni. Mpangilio huu husimama vizuri hadi saa 3 usiku, mhudumu anapokuja kutafuta kreti za kurudisha chupa tupu. Huanza na ile ya chini.

Kuhusu mahali pa kuweka spika, kanuni ya zamani inasema ziwe mbele ya mwenye maiki, zikiangalia wageni, midomo ya spika ipite juu ya vichwa, kwa sababu miili ya watu hunywa sauti nyembamba na wa nyuma hubaki wakisikia besi tu. Wewe ziweke nyuma ya MC. Hapo maiki itaokota sauti ya spika, mikisa itaikuza, spika itairudisha, maiki itaiokota tena, na kabla hujapepesa jicho ukumbi unapigiwa yowe. Wakongo huliita larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Kwetu haliitwi chochote; watu huziba masikio na kumtazama fundi, ambayo ndiyo shabaha yetu. Mjomba wangu mmoja aliwahi kuwaasa maharusi huku akirudi nyuma taratibu kuelekea spika ili mpiga picha ampate vizuri. Nasaha yote ya ndoa tuliyoisikia ni neno “uvumilivu”, halafu yowe.

Umeme ndio uwanja wa mabingwa. Plagi ya pini mbili haiingii soketi yetu ya matundu matatu? Chomeka kalamu tundu la juu, milango ya ndani ifunguke. Plagi haipo kabisa? Nyaya tupu na njiti mbili za kiberiti. Kisha tafuta ekstensheni moja, uiache imejiviringisha kwenye kigurudumu chake ili joto lisipate pa kutokea, na uigawe kwa amplifaya, taa za mapambo, friza na birika la chai. Ekstensheni ya ampia 13 kwenye volti 230 hubeba takriban wati 3,000, na birika peke yake linaweza kutafuna 2,000. Fyuzi ikikatika, usiulize imekatika kwa nini. Ina sababu zake. Ifunge kwa karatasi ya sigara inayong'aa.

Halafu kuna ule mvumo wa nyuki ndani ya spika. Mafundi wengi huutibu kwa kukata waya wa erthi, na kweli nyuki hunyamaza. Hapa naomba niache mzaha kidogo. Erthi ikishakatwa, hitilafu ndogo ndani ya amplifaya hubaki kwenye bati lake, ikisubiri mtu. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maiki isiyo na erthi mbele ya mashabiki wake, akafa. Mvumo huo mara nyingi huisha ukichomeka vyombo vyote sehemu moja na kuitenga njia ya umeme na njia ya maiki. Basi, turudi kwenye ujinga wetu.

Sauti: fungua mpaka taa nyekundu iwake na isizime. Debe tupu haliachi kuvuma, na amplifaya ndogo iliyobanwa hukwaruza hadi ikaunguza twita, lakini twita si zako, umekodi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Hao hawajawahi kualikwa Tabata. Bibi wa bwana harusi muweke hatua moja kutoka kwenye besi. Ana miaka 80, masikio ya nini?

Wakati wa kuzima vyombo, mafundi waoga huzima amplifaya kwanza, mikisa mwisho. Wewe anza na mikisa. Utasikia “BUUP!” na mtoto wa mwisho aliyekuwa amelala ataamka.

Usiku huo huo mwenyekiti wa kamati ataihifadhi namba yako kwenye simu yake, jambo ambalo hakuna fundi msafi aliyewahi kufanyiwa. Itasomeka: Fundi Muziki USIPIGE.