Paa Halikutajwa

Nyumba ya Babu, pale Mji wa Kale, Mombasa, ilianza kuvuja mwaka 1961. Bibi ndiye aliyekuwa akitusimulia kisa hiki; Babu hapo hujifanya anatafuta miwani.

Tundu la kwanza halikuzidi kichwa cha msumari, kwenye bati la juu ya ukumbi. Bibi akatega beseni, akamtuma mtoto amwite fundi. Babu akamrudisha mtoto mlangoni. Siku hizo Sir James Robertson alikuwa ameletwa kutoka Uingereza kuwauliza watu wa Mwambao wanataka nini: ule ukanda wa maili 10 uwe Kenya, urudi kwa Sultani wa Zanzibar, au usimame peke yake?

"Tujue kwanza twaangukia kwa nani," Babu akasema. "Sitii shilingi yangu kwenye nyumba nisiyojua iko nchi gani."

Na vuli ya mwaka ule ndiyo ile iliyozoa madaraja Kenya. Tundu likazaa matundu. Beseni likaongezewa sufuria, sufuria ikaongezewa debe, kila chombo na mlio wake, hata Bibi akawa anajua gizani, kitandani, kipi kimejaa.

Robertson akapendekeza Mwambao uungane na Kenya. Babu akasema pendekezo si hukumu. Mwaka 1962 wakubwa wakaenda Lancaster House. Basi tungoje warudi.

"Paa lavuja Mombasa, wewe wangojea London?" Bibi akauliza.

Barazani hoja zilikuwa nzito. Tangu 1895 Mwingereza alikuwa akimlipa Sultani kodi kila mwaka kwa ukanda huu, na bendera nyekundu ikipepea Fort Jesus ili watu wasisahau mwenye nyumba ni nani. Bibi aliyasikia hayo nyuma ya mlango, akacheka peke yake. Kumbe ndiyo desturi yao, wenye nyumba: kodi wapokea, paa hawatengenezi.

Babu naye alikuwa na bendera yake nyekundu, akiitoa sandukuni siku za Idi na kuirudisha ikiwa na harufu ya udi.

Oktoba 1963 mambo yakaisha. Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakakubaliana, na Sultani akaachia Mwambao. Babu akamsomea Bibi gazeti pole pole, kidole juu ya mstari. Kadhi atabaki. Hati za ardhi zitaheshimiwa. Dini haitaguswa.

"Na paa?"

Babu akageuza ukurasa, kana kwamba lingeweza kuwa upande wa pili. "Paa halikutajwa."

Bibi hakujibu. Babu alipotoka kwenda kusali, akapanda darini na kitambaa kilichokunjwa, akakisokomeza penye tundu kubwa. Nyumba ikanyamaza wiki kadhaa. Babu akaanza kusema kwamba hata mabati, yakiachiwa muda, hujitengeneza.

Jioni ya tarehe 11 Disemba akaja kakake Bibi kutoka Majengo, kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi mpaka inasimama, amchukue shemeji yake wakaone sherehe za usiku. Akakaa kwenye kile kiti ambacho sote nyumbani tungekikwepa. Nje kukapita kimvua. Tone la kwanza likamwangukia begani, la pili kifuani. Akajitazama, akaruka: "Damu! Shemeji, kuna mtu darini!"

Babu akatazama juu, akatazama lile doa, akalijua. Rangi ile aliitunza miaka.

Kanzu nyingine hakuwa nayo, na ya Babu haikumtosha tumbo, kwa hivyo alikwenda kupokea Uhuru na ile ile. Babu alibaki nyumbani akisema ana mafua.

Asubuhi fundi aliitwa. Akataja bei mara mbili ya ile ya 1961, na Babu akalipa bila kuteta, kwa shilingi zile zile za zamani. Za Kenya hazikutoka mpaka 1966. Bendera iliposhuka ilikuwa imefifia, waridi kwa kutu. Bibi akaikata vipande vya kushikia sufuria.